Kiti cha Kulia

Mwanangu Idrisa,

Mama yako amenicheka. Amenikuta mezani na kalamu, akaniuliza, "Mwalimu, unamwandikia barua mtu aliye chumba cha pili?" Nimemjibu kwamba maneno yangu yakipita mdomoni hugeuka amri, nami leo sitaki kukuamuru. Akasema, "Haya, mwandikie. Lakini usisahau kumwambia kiti cha kulia atakaa nani." Kisha akarudi kukunja mashati yako, ambayo amekuwa akiyakunja na kuyakunjua tangu alasiri.

Swali lake ndilo lililoninyima chakula. Kesho alfajiri utaitoa pikapu nyeupe katika yadi ya Mzee Baruani uipeleke Kahama, na ukifika hutarudi; utabaki huko kuuza magari katika yadi yake mpya. Usukani wa pikapu hiyo uko kushoto, kama wa magari mengi yanayotoka ng'ambo ya ziwa na Burundi, ambako watu huendesha upande wa kulia wa barabara. Huku kwetu tunapita kushoto. Kwa hiyo dereva wa gari la namna hiyo akiwa nyuma ya lori haoni kitu mpaka alichomoze gari lake nusu barabarani, na pengine akishaona amechelewa. Ndiyo maana yadini kwetu tuna desturi ya kumweka mtu kiti cha kulia amwangalilie. Tunamwita jicho. Fundi Shabani alikubali kuwa jicho lako mpaka Kahama, na leo mchana amekuja kusema haendi tena. Mke wake ameota ndoto mbaya. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilitamani mtu aniotee ndoto, nipate sababu ya kukuzuia.

Wewe ulicheka. Ulisema, "Usijali, baba. Nitapakia abiria yeyote pale Mwandiga, ataniangalilia mpaka atakapochoka." Sikukujibu, ukadhani nimeridhika. Sikuridhika hata kidogo.

Sitakuandikia habari za chakula, wala za kulala, wala za watu wa kuepuka. Hayo mama yako amekwambia, na wewe si mtoto. Nataka kukwambia kazi hii ilivyonifanya, kwa kuwa umeichagua, na kwa kuwa unaijua kwa upande wake mzuri tu.

Nilipostaafu ualimu sikujua kazi nyingine. Watu wa kwetu Korogwe walinitazamia nirudi, lakini nyinyi mlikuwa mmezaliwa hapa Buzebazeba, na mama yako hakutaka kuondoka mahali ambapo wazazi wake wamezikwa. Mzee Baruani akaja nyumbani. Alikaa pale barazani, akanywa chai, akaniambia bila kuzunguka, "Mwalimu, magari yanakuja mengi, watu wanayaogopa. Wanasema hawajui yametoka kwa nani. Nataka mtu wanayemjua asimame pale." Nikamwambia sijui lolote la magari. Akasema, "Mafundi ninao. Sina mtu wa kusimama."

Nikasimama. Nilivaa shati lililopigwa pasi, kalamu mfukoni, kama nilivyokuwa nikisimama darasani. Wengi waliokuja kununua niliwafundisha mimi, au niliwafundisha watoto wao. Walifungua boneti, wakapiga teke magurudumu, wakaleta binamu anayejiita fundi ambaye alisikiliza injini huku amefumba macho kama mgonjwa. Mwisho wote walifanya jambo moja: walinigeukia wakaniuliza, "Mwalimu, wewe unasemaje?" Nilichosema ndicho walichonunua.

Ulikuwa ukipenda kuja pale baada ya shule kupiga honi. Hukuona jinsi magari yale yalivyofika. Waliokimbia vita na gari hawakuweza kukaa nalo kambini. Waliuza kwa bei yoyote, na kila siku waliyosubiri bei ilishuka. Mimi ndiye niliyewapokea. Nilikuwa nikikagua chini ya viti kabla gari halijaoshwa, na mle nilikuta vitana, tasbihi, madaftari ya shule yaliyoandikwa Kifaransa, kiatu cha mtoto. Mzee Baruani aliagiza kila kitu kiwekwe katika kapu lililotundikwa kibandani, mwenyewe akija akikute. Kapu lilijaa, tukatundika la pili. Nimewahi kumwona mtu mmoja tu aliyerudi, mama aliyefuata kitana. Alikichukua, akajichania palepale mbele ya gari lililokuwa lake, akaenda zake. Siku hiyo sikuuza kitu. Kesho yake niliuza lile gari.

Nakwambia haya kwa sababu mwezi uliopita nilikusikia ukiongea na yule mfanyabiashara wa dagaa kutoka Ujiji. Alikwambia usukani wa kushoto unamtia hofu, nawe ukamwambia, "Utazoea, mzee wangu. Siku chache tu utauona huu wa kulia ndio wa ajabu." Akacheka, akakuamini. Nilikuwa nyuma ya kibanda, nikaacha nilichokuwa nikifanya, maana neno hilo ni langu. Umelichukua kwangu pamoja na sauti yake. Nililisema miaka yote bila kufikiri. Niliwaambia wanunuzi watazoea usukani, nikajiambia nitazoea kununua kwa watu wanaolia, na mama yako alipoamka kwa milio ya mizinga ya ng'ambo nikamwambia atazoea. Na kweli tulizoea. Hilo ndilo linalonitisha ninapokutazama ukiongea na wateja. Una ulimi mzuri kuliko wangu, na hujui bado unakoweza kukupeleka.

Sasa nikueleze kwa nini mimi, ambaye niliwaambia watu wote kwamba jicho ni kazi ya kukaa tu, sijakaa kiti hicho nje ya mji tangu ulipokuwa darasa la sita. Mlidhani ni mgongo. Niliwaacha mdhani hivyo.

Unamkumbuka Sefania, mwenye duka Kasulu, yule Muha mrefu aliyekuwa akikuita mjomba ingawa hakuwa ndugu yetu. Alinunua kwangu pikapu ya kijani. Akasema atailipia kwa sharti moja: niende naye safari yake ya kwanza ya mzigo mpaka Kibondo, niwe jicho lake, kwa kuwa mimi ndiye niliyesema atazoea. Lilikuwa sharti la haki. Nilikwenda.

Tulipoondoka Kasulu alikuwa mtu wa mzaha mno. Kila tulipokuta lori la mahindi ya makambini nilisema, "Subiri." Vumbi lilikuwa zito, nami sikutaka kubahatisha. Sefania akasema, "Mwalimu, ukisema subiri tena, tutaota mizizi hapa."

"Subiri," nikasema.

"Shuleni pia ulikuwa hivi? Watoto walimaliza lini darasa la kwanza?"

Nilicheka, mwanangu. Nakumbuka nilicheka, kwa sababu baada ya hapo safari ile haikuwa na kicheko.

Wakati ule, kama sasa, magari yaliusubiri msafara wa polisi kabla ya kuingia msituni. Tulipofika kizuizini tukaambiwa msafara umekwisha ondoka, si muda mrefu, na tukienda mbio tutaukuta. Polisi mmoja akaongeza, kama mtu anayeongea habari za mvua, kwamba juzi gari limesimamishwa na mwanamke aliyejilaza barabarani, na dereva aliposhuka wenye bunduki wakatoka vichakani. "Msisimame kwa mtu yeyote," akasema. Sefania alinitazama. Ningeweza kusema tusubiri msafara wa kesho. Nilikuwa nimesema subiri asubuhi yote, nikaona haya kulisema mara nyingine.

Tuliingia msituni. Niliona mtu katika kila kichuguu. Mkono wangu ulikuwa umeshika mpini wa mlango hata vidole vikafa ganzi. Tukafika mahali ambapo lori bovu lilikuwa limeegeshwa upande wetu, limefunikwa matawi, halina mtu. Ilitubidi tulizunguke. Sefania akapunguza mwendo nyuma yake, akaniuliza, "Kuna nini mbele?"

Nikatazama. Upande wangu, kando ya barabara, walikuwa wamesimama watu. Mmoja alikuwa ameinua kitu kirefu.

Sikiliza hapa, Idrisa. Hakuniuliza la kufanya. Aliniuliza kuna nini. Nami nikasema, "Wana bunduki. Nenda. Nenda, usisimame."

Alikanyaga mafuta. Tulipolipita lori, watu wale walikuwa kwenye dirisha langu, karibu kama ulivyo mlango wa chumba hiki. Kilikuwa mwavuli. Mzee aliunyanyua juu ya kichwa cha mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na mwanamke alikuwa ameinua mkono kutuomba tusimame. Niliuona uso wake ukibadilika. Aliruka mtaroni na yule mtoto mgongoni. Kioo cha pembeni kilikuwa upande wangu, nikamwona mzee amebaki peke yake na mwavuli wake, anatazama chini mtaroni. Nilingoja mwanamke ainuke. Vumbi likafunika kioo kabla hajainuka.

Sefania akauliza, "Umeziona bunduki?"

Nikasema, "Sikuona vizuri."

Hakupunguza mwendo, wala mimi sikumwambia arudi. Tulikuwa watu wazima wawili, kila mmoja akingoja mwenzake aseme turudi, mpaka tukawa Kibondo. Siku ya kurudi tulifuata msafara. Niliutazama mtaro ule wote. Haukuwa na kitu, wala lori halikuwapo tena, na utupu ule haukuniondolea kitu moyoni. Walikuwa watu waliotoka mpakani kwa miguu, wanatafuta pa kupokelewa. Sijui kama yule mama aliinuka. Nimemtafuta katika nyuso za wanawake sokoni Mwanga, nimemtafuta katika foleni za vibali. Hata leo nikiona mwavuli mweusi umekunjwa, mwili wangu hujibu kabla yangu.

Labda unadhani nitakwambia sasa kwamba usimame kwa kila mtu. Ningependa kukwambia hivyo. Lingekuwa funzo safi, la kuandikwa ubaoni. Lakini unamkumbuka pia Kondo, dereva wetu, aliyekuwa akikuletea embe kavu. Mwaka uleule alipeleka gari letu Kibondo. Alikuta kando ya barabara watu wenye mizigo na watoto. Alisimama. Tunajua alisimama kwa sababu jicho lake, kijana wa Kasulu, alikimbilia msituni akaokoka, akatusimulia. Watu wale walikuwa wakimbizi wa kweli, na waliokuwa nyuma yao vichakani walikuwa majambazi wa kweli. Kondo tulimzika hapa, wewe ulibeba jembe. Gari lilipatikana halina magurudumu, na Mzee Baruani hakutaka lirudishwe yadini.

Kwa hiyo mimi, niliyefundisha kanuni na kuwachapa watoto waliozikosea, sina kanuni ya kukupa kwa barabara hiyo, ambayo kesho utaipita wewe. Kila usiku tangu ulipopata kazi hii nimeitunga moja, na asubuhi imenivunjikia mkononi. Ukisimama, nakuona kama Kondo. Usiposimama, nakuona kama mimi. Sijui lipi naliogopa zaidi, na baba anayesema anajua anakudanganya.

Lakini lipo jambo moja, nalo si langu, ni la Sefania. Alikuja yadini baadaye, si kwa ugomvi. Alisalimu kwa Kiha, "Mwakeye, Mwalimu," kama kawaida yake, akaketi kwenye ngazi ya kibanda. Nilitaka kumwomba radhi, akanikatiza.

"Mimi ndiye niliyekanyaga mafuta," akasema. "Hilo nitalibeba mwenyewe. Lakini nikwambie. Niliuliza kuna nini, wewe ukaniambia unachoogopa. Ungeniambia tu watu watatu, mmoja ameinua kitu. Kuogopa ningeogopa mwenyewe. Labda ningekwenda vilevile. Lakini ningekwenda mimi."

Kwa miaka mingi niliwasahihisha watu wazima mbele za watu, na huyu mwenye duka alinisahihisha kwa upole, tena akaninunulia chai. Tangu siku hiyo nilibadili namna yangu ya kuuza. Mtu akiniuliza, "Mwalimu, unasemaje?" nilimwambia nilichokiona: breki zimeliwa, mwenyewe aliliuza akiwa na haraka, usukani uko kushoto na utakusumbua. Mzee Baruani alinuna. Alisema, "Umeanza kuuza kama mtu anayetaka kubaki na magari." Magari yaliuzwa hata hivyo, polepole zaidi. Kiti cha kulia nilikiacha kwa wengine. Nilijiambia kwamba nimeijua hofu yangu na sitaki kumtwika mtu mwingine. Ilionekana kama busara. Ilikuwa hofu ileile imevaa shati langu lililopigwa pasi.

Kahama utakutana na watu wanaotaka uwaambie watazoea. Wengine watakusihi useme, ili wapate ruhusa ya kununua walichokwisha kukipenda. Sitakuona siku hiyo. Nakuomba tu, kabla hujafungua mdomo, ukumbuke kwamba mtu yule ataondoka na kukaa peke yake nyuma ya lori fulani, na neno lako ndilo litakalokuwa kando yake.

Sasa swali la mama yako.

Nimewaza abiria wako wa Mwandiga. Atakuwa mtu aliyechoka, atasinzia kabla ya Kasulu. Au atakuwa mtu mwenye hofu yake mwenyewe ambayo huijui, kama mimi nilivyokuwa. Siwezi kukuacha na mtu huyo. Nimevitoa viatu vyangu vya safari chini ya kitanda, na mama yako amevitazama, kisha akaenda kutia shati langu moja katika mzigo wako. Kumbe ndiyo maana alikuwa akiyakunja na kuyakunjua mashati yako; alikuwa akilingoja langu.

Kesho utanikuta nimekaa kulia. Tutausubiri msafara hata ukichelewa mpaka siku ya pili. Hilo pekee ni amri, nisamehe. Msafara wenyewe hukatika vipande msituni, unajua, na tunaweza kujikuta peke yetu. Ukiniuliza kuna nini mbele, nitakwambia kilichopo. Nitasema wangapi, nitasema wameshika nini, na kama sioni vizuri nitasema sioni vizuri kabla hatujapita, si baada. Sitasema nenda. Sitasema simama. Usukani utakuwa kwako, na utakaloamua sitakuuliza kwa nini, si siku hiyo wala siku nyingine.

Ndiyo maana nimeyaandika haya usiku huu. Garini sitakuwa na nafasi ya kuyasema, kwa kuwa jicho halipaswi kupiga soga. Asubuhi unisalimie kama siku zote, usiitaje barua hii. Kutoka Kahama nitashuka mpaka Isaka, nipande treni, nirudi kwa mama yako kupitia Tabora, na kiti hicho utamweka mwingine unayemwamini.

Mkono wangu ukiuona umeshika mpini wa mlango, usiniambie nitazoea. Naogopa, Idrisa, na nitaogopa njia nzima. Lakini macho yangu yatakuwa wazi.

Baba yako